Siku Askofu Alipotumbukia Kwenye Roshani Yangu

Kama umewahi kutumiwa ile video ya askofu amevaa miwani nyeusi kubwa kama ya mchomelea vyuma, amekumbatia mlingoti wa tenti na anaomba ashikwe, na ukiangalia chini unaona miguu yake iko kwenye nyasi na hakuna mahali anaenda, basi tayari unanijua, kwa sababu mimi ndiye yule mwanamke wa koti la kijani anayemzunguka na maikrofoni akisema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa naosha vyombo huwa nasimama kidogo nafunga macho. Ni mimi, sitakataa. Ila nimechoka kusimuliwa mkasa wangu na watu wengine (juzi nilikuwa saluni, mwanamke wa kiti cha pili akaanza kuusimulia wote, na akaukosea), kwa hiyo wacha niuseme mwenyewe.

Naitwa Kathure na nyumbani ni Githongo. Nilikuwa keshia wa benki pale Meru mjini mpaka tawi letu lilipofungwa, na kabla ya kutuachilia walituita kwa semina ya siku moja, akaja bwana mmoja mwenye tai akatuambia kila mtu aandike malengo yake ya maisha. Wenzangu waliinama wakaandika kama watu wa mtihani. Mimi nilikaa na kalamu nikiangalia dirisha, halafu nikachungulia jirani yangu nikaona ameandika kununua ng'ombe wa maziwa, nami nikaandika ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe mwenyewe sikuwa namtaka. Nilikuwa tu naona aibu kurudisha karatasi tupu nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu.

Nikarudi nyumbani kwa mama. Mama yangu ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, mtu wa kuvaa kitambaa cheupe kichwani kimepigwa pasi mpaka kinasimama chenyewe, na alinipokea vizuri, lakini kila jioni alikuwa na mpango mpya wa maisha yangu. Fungua duka la simu. Panda avokado. Rudi shule usomee ualimu. Mimi nilikuwa naitikia tu na kumenya viazi.

Sasa, binamu yangu Muriuki alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na ile miwani, ile wanaita ya VR, ukiivaa huoni tena nyumba wala kuku wa nje, unaona dunia nyingine imekuzunguka pande zote, ukigeuza kichwa nayo inageuka. Yeye aliitumia kucheza, ikamletea kizunguzungu akaitupa juu ya kabati. Nikamwomba. Siku ya kwanza nilipoivaa nilijikuta nimesimama juu ya mlima wa barafu, na jambo la kwanza nililofikiria si uzuri wa ule mlima, nilijiuliza ni nani aliyeujenga na aliujenga akiwa amekaa wapi. Swali hilo likakataa kunitoka. Nikatoa laptopu yangu ya zamani, nikanunua bando, nikaanza kujifunza kuandika programu za miwani ile kupitia masomo ya video ya watu wanaoongea haraka kama wanakimbizwa, na mimi nasimamisha, narudisha nyuma, naandika, inakataa, narudia.

Laptopu yenyewe ilikuwa mzee. Nikishaandika kitu, inachukua muda mrefu kukiandaa kabla niweze kukivaa nione, inaunguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, na mimi nimekaa tu hapo nangoja. Nafikiri hapo ndipo maisha yangu yalibadilika, katika kungoja kule. Kwa sababu huwezi kufanya kingine, unakaa na kichwa chako. Nikaanza kuhesabu vitu nilivyowahi kutaka, nikaona benki alikuwa ameitaka baba, ndoa ile iliyovunjika kabla ya harusi walikuwa wameitaka shangazi zangu, na ng'ombe alikuwa wa jirani. Nikasema mimi sasa nitakuwa na lengo moja tu, na ni langu: mtu mwingine, si mimi, aingie ndani ya kitu nilichojenga kwa mikono yangu na atoke akiwa amefurahi. Basi. Ukicheka cheka, lakini nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka mshahara.

Kanisa letu lilikuwa linataka kujenga jengo jipya, michoro iko tayari, na askofu alikuwa anakuja kuweka jiwe la msingi. Mama, bila kuniambia, akasimama kwenye mkutano wa kamati akasema msichana wake anaweza kuonyesha watu kanisa jipya kabla halijajengwa. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni Mwalimu Kirimi, alikuwa mwalimu mkuu zamani na bado anaongea na watu wazima kama wamechelewa gwaride. Alikataa, mama akasisitiza, akakubali. Mama alikuja kuniambia akiwa amesimama mlangoni na mkoba bado mkononi.

“Nimetoa jina lako,” akasema. “Usinitie aibu.”

Nikafanya kazi vile sijawahi kufanya kazi benki. Nilikuwa naamka kabla mama hajaenda kukamua, na kanisa likasimama pole pole, kuta, madirisha ya rangi, madhabahu, viti. Lilikuwa zuri, nasema kweli. Mama alikuwa anapita nyuma yangu akichungulia na kujifanya anatafuta ufagio.

Halafu Jumamosi, siku moja kabla ya askofu, akaja Mama Gatwiri, kiongozi wa kwaya. Aliangalia kanisa langu kwenye kioo cha laptopu akanuna.

“Na kwaya itakaa wapi?” akauliza. “Kwa mchoro kuna roshani yetu huko juu. Wewe umetuondoa.”

Nikamwambia muda umeisha, roshani si lazima, hakuna mtu atapanda. Akasema kumbe hata kwa ndoto kwaya haina nafasi. Na mimi, badala ya kusema hapana, nikasema haya, nitaiweka. Ndiyo uamuzi wenyewe huo. Hakuna mwingine. Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Sharti ueleweshwe kitu kimoja. Katika dunia ya miwani ile sakafu ni picha tu. Unaweza kuipaka mbao zikang'aa mpaka ukaona uso wako, lakini usipoiambia mashine kwamba hii ni kitu kigumu, mtu akanyage, mtu atapita katikati yake kama moshi. Ni alama moja tu unaweka, kubofya mara moja. Nikajenga ngazi nikaziwekea alama. Nikajenga roshani, nikaipaka mbao, nikaweka na kaukingo ka kupendeza, na nilipokuwa nataka kuijaribu stima ikapotea, taa na laptopu vikazima. Nikasema nitaijaribu asubuhi. Asubuhi nilikuwa naponda mukimo wa wageni na wanawake wengine, mikono imejaa viazi, na mtu akasema askofu ameshafika Nkubu, hapo tu karibu, basi nikanawa nikakimbia.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Tenti kubwa ilikuwa imesimamishwa kando ya kanisa la zamani, na katikati ya paa lake maji yalikuwa yamekusanyika, turubai limebonyea kama tumbo la mtu aliyeshiba. Niliiona. Nikafikiri mtu anafaa kuyamwaga hayo maji, na nikaenda zangu. Tulikuwa tumeazima televisheni kubwa ya hoteli ya hapo sokoni tukaiunganisha, ili kile anachoona mwenye miwani watu wote wakione. Kwaya ilikuwa imekaa mbele, wote wametengenezwa nywele kwa ajili ya siku hiyo. Mama alikuwa kwenye safu ya kwanza.

Askofu alikuwa mtu mpole, mnene kiasi, na alikubali kuvaa miwani bila wasiwasi, akavua kofia yake akampa kasisi, nikambania maikrofoni ndogo kwenye kola, nikamkaza mikanda kichwani na kumwekea vishikizo mikononi, nikamwonyesha ukisukuma hapa kwa kidole gumba unatembea. Akasukuma. Kwenye televisheni watu wakaona milango ya kanisa inafunguka, na nikasikia tenti nzima ikivuta pumzi. Akapita katikati ya viti. Akafika madhabahuni.

“Hili ni kubwa kuliko la kwangu,” akasema kwenye maikrofoni, na watu wakacheka, akina mama wakapiga vigelegele. Nikamwangalia mama. Alikuwa amekaa wima, anatabasamu mbele ya watu (jambo ambalo hafanyi), na kwa ile dakika, nawaambia, nilikuwa na kila kitu.

Hapo ndipo Mama Gatwiri akasimama. “Baba Askofu, panda roshani, uone mahali pa kwaya.”

Nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa najua sijaijaribu. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelewa yale makofi, na askofu akauliza, “Ngazi hizi ziko salama?” nami nikainua maikrofoni nikasema, kwa sauti ya mhubiri ambayo sijui niliitoa wapi, “Tembea kwa imani, Baba Askofu.”

Watu wote wakasema amina.

Akapanda. Ngazi zikamshika vizuri kabisa, ile kazi ya ngazi sijutii. Akafika juu, akasukuma kidole mbele, akakanyaga roshani yangu, akatumbukia.

Kwenye televisheni ilionekana kama kanisa limepaa likamwacha. Lilienda juu, likawa dogo kama sanduku, kama kiberiti, na chini yake ikabaki rangi ya buluu tu isiyo na mwisho, kwa sababu chini ya kanisa sikuwa nimejenga chochote, ningejenga kwa nini. Na yeye mwenyewe, ambaye mwili ulikuwa umesimama hapo kwenye nyasi mbele yetu, akakunja magoti na kurusha mikono, vishikizo vikaruka, mkono mmoja ukapata kitambaa cha meza iliyokuwa kando yake, ukavuta, keki na maua na mwiko mpya wa mwashi wa kuwekea jiwe vyote vikaenda, na mkono wa pili ukapata mlingoti wa katikati wa tenti.

“Nishikeni,” akasema, na maikrofoni ilikuwa bado kwa kola yake. “Nishikeni, naenda.”

Ningemtoa miwani. Mtu yeyote mwenye akili angemtoa miwani. Mimi nilijaribu, mkanda ukakwama kwenye kola, na katika kuhangaika nilitaka kumtuliza, nikamwambia ukweli wa kitaalamu, kwamba hawezi kuumia kwa sababu hakuna ardhi ya kugonga. Maneno yaliyotoka ni haya, na yalitoka kwa spika zote mbili:

“Usiogope Baba Askofu, hakuna chini. Utaendelea tu kuanguka.”

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kukemea mapepo. Askofu akakumbatia mlingoti kwa mikono yote akautikisa, turubai likainuka upande mmoja, na yale maji yote ya alfajiri yakateremka mara moja, baridi, juu ya kwaya na juu ya akina mama wa safu ya kwanza. Nywele zote zile. Kitambaa cha mama kikalala kichwani kama jani la mgomba lililonyauka. Hapo ndipo mkanda ukaachia, miwani ikatoka, na askofu akakaa chini kwenye matope na kanzu yake, akapapasa nyasi kwa kiganja, huku na huku, akaangalia watu.

“Kumbe niko Githongo,” akasema.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Aliweka jiwe la msingi haraka, akaomba maombi mafupi kuliko ya chakula, akaenda bila kula mukimo.

Jioni hiyo video ilikuwa kila mahali. Nikipita kwenye stage ya boda vijana wananiuliza, “Madam, hapa kuna chini?” Wakaniita Injinia Hakuna Chini, wakafupisha ikawa Injinia Hakuna, ambayo hata haina maana. Mwenzangu wa zamani wa benki alikuwa amenitafutia nafasi ya keshia kwenye sacco moja Meru mjini, ilikuwa imebaki tu mahojiano, akanipigia kwa sauti ya chini akisema meneja ameuliza, huyu si ni yule wa askofu, na nafasi imepata mtu. Nilingoja nilie. Nilikaa kitandani kabisa nikangoja, machozi hayakuja, na nikagundua kwamba sikuwa naitaka ile kazi hata kidogo, nilikuwa tu naenda kuitwa tena keshia ili watu wapumzike.

Mama hakusema na mimi siku kadhaa, isipokuwa mambo ya maziwa. Halafu siku moja akiwa anachambua maharagwe akasema bila kuinua macho:

“Ulikuwa na kazi ya kukaa kwa kiti. Sasa kazi yako ni kuangusha maaskofu.”

“Ni alama moja nilisahau, mama. Nimeshaiweka.”

“Na nywele za Mama Gatwiri utaziwekea alama gani?”



Mwalimu Kirimi akaja nyumbani, akakataa chai, akasema kanisa limeamua Jumapili nisimame mbele niombe msamaha, na pia nitoe onyo kwa vijana kuhusu mambo haya ya mashine, niwaambie nimeyaacha. Alisema kwa upole, kama mtu anayenisaidia kutoka shimoni. Mama akaitikia kwa niaba yangu.

Jumapili nikasimama. Kanisa lilikuwa limejaa, hata watu wa ibada ya Kiingereza walikuwa wamekuja mapema. Nikamwomba askofu msamaha kupitia kasisi, nikaomba kwaya msamaha kwa maji, nikamwomba mama yangu msamaha mbele ya wote, na hiyo ilitoka moyoni. Nikasema kosa lilikuwa langu, nilimpeleka mtu mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa nimefika. Nikataka kukaa.

Mwalimu Kirimi akakohoa. “Na uambie vijana kwamba umeacha.”

Nilimwangalia. Niliona vijana walioketi nyuma na simu zao tayari, nikaona mama ameshika mkoba kwa mapaja anauangalia, na nilijua neno moja tu, ndiyo, lingenirudishia jina langu kabla ya chakula cha mchana.

“Mwalimu, hilo siwezi kulisema,” nikajibu. “Sijaacha. Nikisema nimeacha nitakuwa nadanganya, na niko kanisani.”

Kukawa na mnong'ono, mtu akacheka nyuma, mwingine akasema huyu mwanamke ni mgumu. Mwalimu Kirimi akaniambia nikae, nikakaa.

Tulirudi na mama kwa miguu, tukipita kando ya mashamba ya kahawa, yeye mbele mimi nyuma. Tulikuwa karibu kufika alipoongea.

“Ungedanganya tu. Ilikuwa rahisi.”

“Najua.”

“Baba yako angedanganya.” Akatembea kidogo. “Hiyo roshani inashika sasa?”

Nilimkalisha kwenye kiti cha jikoni, kile kizito, nikamvua kitambaa, nikamvisha miwani, nikampa kishikizo mkono mmoja. Alinishika mkono wangu wa kushoto akaukaza. Nikampeleka polepole, milango, viti, madhabahu, na alipofika kwenye ngazi alisimama muda nikafikiri atakataa, kisha nikasikia anapumua, akapanda. Roshani ikamshika. Alikaa huko juu akigeuza kichwa huku na huku, anaangalia kanisa ambalo bado ni shimo na jiwe moja, na mimi niko jikoni namwangalia midomo yake tu, kwa sababu ndiyo ilionekana.

“Hizi ngazi zako ni nyembamba,” akasema mwishowe. “Mwanamke wa umri wangu na Biblia na mwavuli hatapita.” Halafu, “Usinitoe bado.”

Askofu hajawahi kusema lolote kuhusu siku ile. Nimesikia tu (na aliyeniambia alikuwepo) kwamba alipokwenda kuhubiri kanisa lingine huko Embu, kabla ya kupanda mimbarini aliigonga kwanza kwa ncha ya kiatu, mara mbili.

Kwa hiyo nimeapa, na kiapo hiki nakiheshimu: sitamwalika tena mtu, awe askofu au mpita njia, kukanyaga mahali ambapo sijapakanyaga mimi mwenyewe kila pembe, hata kama stima imepotea, hata kama kiongozi wa kwaya amenuna mpaka ameketi chini. Na maikrofoni sitaishika kabisa. Lakini kuacha, hapana. Sasa hivi najenga soko la Kianjai, punda wake na marundo ya maembe, na kinachonisumbua ni vivuli, jua la mchana likisogea vinarukaruka kama vimeshtuliwa, nimevirekebisha wiki hii yote na bado vinakataa. Nitaviweza.